Damu Kwenye Kiti Changu

Kwenye kazi yetu ya kunyoa kuna kanuni moja ambayo Mjomba alinifundisha kabla hajanishikisha hata chanuo. Alinisimamisha nyuma ya kiti akaniambia: damu ikionekana kwenye kiti chako, kosa ni lako. Mteja awe ametikisika, awe amepiga chafya, awe na chunusi iliyopasuka yenyewe, kosa ni lako. Unazima mashine, unaomba radhi, unapaka spiriti. Hujitetei. Kinyozi anayejitetea, alisema, anampoteza mteja pamoja na ndugu zake wote.

Nimeishika kanuni hiyo miaka kumi na minne. Wateja wananisifu kwa adabu. Sijui kama ni adabu au ni woga tu niliofundishwa nikauita adabu, lakini swali hilo nimeanza kujiuliza karibuni.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama yangu mzazi. Mama huyo alipofariki nilikuwa darasa la pili, nikachukuliwa na Mjomba na mkewe, na huyo mkewe ndiye ninayemwita Mama hadi leo. Wao hawakujaliwa mtoto. Nikawa mpwa, nikawa mwana, baadaye nikawa mwanafunzi, yote kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe hakuwa wa kusifu. Nikimnyoa mteja kichwa kikang'aa, Mjomba anapita nyuma yangu, anatazama, anasema, "Kisogoni." Anaondoka. Hata kama kisogoni hapana kitu, mimi naanza upya.

Duka letu ni chumba kimoja. Lina viti viwili, benchi la wanaosubiri, kisanduku chenye taa ya bluu cha kuwekea mashine, na vioo viwili vikubwa vinavyotazamana ili mteja aone kisogo chake bila kugeuka. Watu husema kinyozi hajinyoi. Mjomba alijinyoa mwenyewe miaka thelathini, jioni mlango ukishafungwa, amesimama katikati ya vioo vile viwili, na hakujikata hata mara moja. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akijisifia.

Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka aliniachia funguo za duka, ila kichwa chake hakuniachia. Aliendelea kujinyoa nyumbani, chumbani, akitoka na mabaka ya nywele kama shamba lililolimwa na mlevi. Mama alimcheka. Akanunua kofia ya sufi, akaivuta hadi chini ya masikio, akawa haivui hata jua likiwaka, wala usiku akilala. Mama akisema, anajibu kwamba uzee una baridi yake. Tuliamini. Mtu mwenye mabaka kichwani ana haki ya kuvaa kofia.

Kisha Jumanne moja asubuhi, duka tupu, akaingia, akaketi kwenye kiti changu. Mimi nilishika kitambaa cheupe cha shingoni nikawa sijui nikitandaze au nisubiri.

"Haya," akasema. "Leo nitazame wewe."

Nilielewa kwamba anataka nimnyoe. Nani angeelewa vingine? Mtu ameketi kwenye kiti cha kinyozi. Nilikuwa sijawahi kukigusa kichwa kile, na nakiri kwamba mikono yangu siku hiyo ilitetemeka kuliko yake. Alivua kofia polepole, akaiweka mapajani, akanitazama kwenye kioo. Nikaanza utosini, nikashuka upande wa kulia, kila kitu salama. Nikahamia kushoto.

Sikio lake la kushoto lilikuwa na kovu. Alipokuwa mtoto wa miaka minne alivuta sufuria ya maji yanayochemka, yakamwagikia upande ule, na sikio likapona vibaya, ukingo wa juu umejikunja na ngozi yake nyembamba yenye kung'aa. Sisi nyumbani tulikuwa hatulioni tena. Lilikuwa baya tangu zamani, kwa hiyo halikuwa na namna ya kuharibika, au ndivyo tulivyodhani. Nikalikunja kwa kidole gumba kama ninavyokunja masikio ya watu wote, nikapitisha mashine nyuma yake, na nilipoondoa mkono nikaona damu kwenye kitambaa cheupe.

Nikazima mashine. "Samahani, Mjomba. Nisamehe. Nimeteleza."

Alinitazama kwenye kioo muda mrefu. Nilidhani ananipima, mimi mwanafunzi wake niliyemkata mwalimu siku ya kwanza. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikafungwa. Halafu nikaona mabega yake yameshuka, mtu kama aliyetua mzigo.

"Umeteleza," akasema.

"Nimeteleza."

"Haya. Paka spiriti, uendelee."

Nilipaka. Niliona huruma kubwa ndani ya maneno yale, na usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mzee ana moyo wa ajabu, nimemtoa damu na hakunigombeza.

Jumanne ya pili yake alirudi. Pale penye mkato palikuwa na kigaga cheusi, chini yake pabichi. Nilijitahidi nisipaguse, lakini chanuo likakwaruza kidogo na damu ikatoka tena. Nikaomba radhi tena. Mara ya tatu niliweka meno mapya kwenye mashine. Mara ya nne niliiacha mashine kabisa, nikatumia mkasi, nikakata unywele mmoja mmoja kama fundi saa. Damu ikatoka. Kwa kweli nilianza kuuogopa mkono wangu. Usiku naulaza juu ya meza naukodolea macho, na hautetemeki, umetulia kama wa mtu asiye na hatia.

Nilitibu kama vinyozi tunavyotibu. Spiriti, kwanza. Ikashindwa, nikafungua kidonge cha rangi mbili nikanyunyiza unga wake juu ya kidonda, kwa kuwa kila mtu mtaani hufanya hivyo na kila mtu ana shahidi aliyepona. Nilienda duka la dawa. Muuza dawa aliniuliza kama kinawasha, nikasema labda, akanipa krimu ya fangasi. Wiki tatu baadaye akanipa marhamu ya ukurutu. Hiyo ilitufurahisha sana, maana wekundu ulipungua siku kama kumi, Mama akapika chakula kizuri, na mimi nikajiona nimesamehewa na Mungu. Siku ya kumi na moja kigaga kikabanduka, tukakuta shimo chini yake, na kingo zimeinuka kama mdomo wa chungu.

Mama alikuwa akikuta doa la damu kwenye foronya kila asubuhi. Akamuuliza mumewe, naye akajibu, "Mwanao kanikata." Akaja kwangu, hakuja na ukali, ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Mwanangu, siku hizi mkono wako umekuwa mzito?"

"Sijui, Mama."

"Huyu ni mtu mzima. Ngozi yake si kama ya vijana. Mnyoe taratibu."

"Nitamnyoa taratibu."

Alimshonea mto wenye tundu katikati, sikio likae ndani ya tundu lisigandamizwe akilala. Aliushona kwa mkono kutokana na gauni lake la zamani. Mimi nilishindwa hata kuutazama mto ule, kwa sababu kila mshono wake ulikuwa unanishitaki.

Miezi kumi na moja ilipita hivyo. Mtu akisikia leo anauliza, kwani hamkuwa na hospitali? Tulikuwa nayo, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Lakini hospitali unampeleka mtu mwenye ugonjwa. Sisi hatukuwa na ugonjwa, tulikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nalitengeneza.

Aliyetuzindua ni muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo anayenyoa nywele zake fupi kwangu kila mwezi. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu yake, na Mjomba yuko kwenye kiti. Vile vioo viwili vinaonyesha kila kitu kwa kila mtu. Nikamwona muuguzi ameshusha simu yake, anatazama kioo, halafu anatazama sikio lenyewe.

"Hicho kidonda kina muda gani?" akauliza.

"Nilimkata," nikasema.

"Sijauliza nani. Nimeuliza muda."

Tulitazamana mimi na Mjomba. "Kidogo tu," Mjomba akasema.

"Tangu mwaka jana," nikasema mimi.

Muuguzi alisimama, akaja, akaomba ruhusa, akalishika sikio kwa ncha za vidole. Kisha akapapasa shingo ya Mjomba chini ya taya, akakawia pale. Uso wake haukubadilika, na hapo ndipo nilipoogopa, maana wauguzi uso usipobadilika huwa wanauzuia.

"Mkato wa mashine unapona siku tano," akasema. "Mtu mzima mwenye afya mbaya, mpe wiki mbili. Huu si mkato, kinyozi. Kesho asubuhi mlete, nitakuwepo getini."

Hakunyoa siku hiyo. Aliondoka na nywele zake.

Daktari wa ngozi alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuandika kabla hujamaliza kusema. Akauliza kilianza lini. Nikawahi mimi, nikasema nilimkata kwa mashine, Jumanne, nikamweleza na mwezi. Akaandika. Akamgeukia Mjomba.

"Kabla ya siku hiyo, mzee, hapakuwa na kitu? Uvimbe, kipele, ngozi kubanduka?"

"Hapana," Mjomba akasema, akitazama viatu vyake.

Daktari aliendelea kuuliza, na kila swali kwangu lilikuwa mlango wa kutokea. Mzee ana sukari? Kama ana sukari, vidonda vinachelewa. Akapimwa pale pale, hana. Anavaa miwani inayochubua sikio? Havai. Hereni aliwahi kuvaa, maana wapo ambao ngozi inakataa yale madini? Mjomba akamtazama kwa namna iliyonifanya nicheke, na lile ndilo cheko la mwisho la siku ile. Analalia upande gani?

"Kushoto," nikasema upesi. "Miaka yote kushoto."

Daktari akatikisa kichwa. Alisema wapo watu wanaopata kidonda kwenye gegedu la sikio kwa sababu ya kulilalia tu, gegedu linakosa damu, panachimbika, panauma kama msumari, na dawa ya wengi wao ni mto wenye tundu.

"Tunao," nikasema. "Mama ameushona."

"Umesaidia?"

"Kidogo."

"Ungekuwa ndio ugonjwa wenyewe, ungesaidia sana." Akavaa glovu. "Hili kovu ni la nini?"

Mjomba akaeleza habari ya sufuria. Daktari akaacha kuandika. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha.

Walimchoma ganzi, wakakata kinyama kidogo pembeni mwa kidonda, wakakiweka kwenye kichupa kwenda maabara. Tuliambiwa tusubiri wiki tatu. Katika wiki hizo niliomba dua ambazo sikudhani mtu anaweza kuziomba. Nilimwomba Mungu iwe kifua kikuu cha ngozi, kwa kuwa muuguzi aliniambia kipo na kinatibika kwa vidonge.

Mtaani habari zilishasambaa. Mteja mmoja, fundi wa baiskeli mwenye mdomo usio na breki, aliketi kitini akasema kwa mzaha, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilikuwa nimemnyoa nusu. Nikazima mashine, nikamvua kitambaa, nikamwambia kwa heshima zote atoke. Alitoka na nusu kichwa. Jioni alirudi amevaa kofia, akaketi bila neno, nikammalizia bila neno. Hatujakosana, ila mzaha wake umekauka.

Majibu yalitoka siku ya mvua. Tulikuwa watatu mbele ya meza ya daktari, Mama katikati. Akasema ni saratani ya ngozi, imeota ndani ya lile kovu. Ngozi iliyoungua ikapona vibaya, ikawa inachubuka na kupona, kuchubuka na kupona, miaka na miaka, mwisho inaweza kugeuka. Huchukua miaka thelathini, arobaini, hata zaidi. Ndiyo maana kovu la moto likitoka kidonda kisichofunga, mtu asingoje mwezi.

Nikauliza nilichokuwa nimekibeba. "Na mkato wa mashine?"

"Mkato wa mashine hauleti hiki."

Nisiseme uongo. Kabla sijamhurumia Mjomba, kabla sijamtazama Mama, nilisikia raha. Ilinipitia mwilini kama maji ya moto, kwamba si mimi. Nimejuta baadaye kwa raha ile kuliko ninavyojuta mambo mengi niliyoyafanya kwa makusudi.

"Mngekuja mwanzoni," daktari akasema, akatuonyesha ukucha wake mdogo, "ningekata kipande kama hiki, mzee akarudi nyumbani siku hiyo hiyo." Kisha akaeleza kwamba zile punje chini ya taya, zile alizopapasa muuguzi, ni tezi, na ugonjwa umeshafika humo. Sikio lote litaondoka, na tezi za shingo upande ule, kisha mionzi.

Mama akauliza kama sikio likiondoka atasikia. Daktari akasema atasikia, tundu la ndani lipo. Mama akasema, "Basi kateni." Mjomba hakunitazama.

Walikata. Alikaa wodini wiki mbili, akatoka na upande mmoja wa kichwa umefungwa bandeji, akaenda mionzi kila siku ya kazi kwa wiki sita, ngozi ya shingo ikaungua ikawa nyeusi. Alivumilia yote bila kulalamika, na alipika kila aina ya mzaha. Aliwaambia wageni kwamba sasa Mama akimgombeza kutoka kushoto, maneno yanakosa pa kushikilia. Mama alicheka kila mara, kila mara akaenda jikoni.

Miezi minne ikapita akaanza kukohoa. Picha ya kifua ikaonyesha vidoa, vingi. Daktari alituita mimi na Mama kwenye kibaraza cha wodi akasema sasa ni dawa za maumivu, na tusimnyime anachotaka.

Alichotaka ni kunyolewa. Nilisema nitakuja na mashine nyumbani. Akakataa.

"Dukani. Jumanne."

Nilimshika mkono kutoka mlangoni hadi kitini. Alikuwa mwepesi. Nilitandaza kitambaa cheupe, nikakifunga shingoni kwa uangalifu, mbali na makovu. Akavua kofia mwenyewe, akaiweka mapajani, akanitazama kwenye kioo, na nikakumbuka kwamba ndivyo alivyofanya siku ile ya kwanza.

Nikaanza utosini. Nikashuka kulia. Nilipohamia kushoto kidole gumba changu kikaenda chenyewe kukunja sikio, kikafika, hakikukuta kitu. Niliuacha mkono hapo hewani sijui kwa muda gani.

"Siku ile hukunikata," Mjomba akasema.

"Najua. Daktari alisema."

"Daktari alisema mkato haukuleta ugonjwa. Mimi nakwambia mkato haukuwepo." Akavuta pumzi, akakohoa, akangoja. "Kidonda kilikuwepo miezi saba kabla yako. Kofia unadhani ni ya baridi? Wewe ulikunja sikio, kigaga kikabanduka. Basi."

Mashine ilikuwa inalia mkononi mwangu. Nilisema, "Miezi saba."

"Siku ile sikuja kunyolewa, mpwa. Nilikuja unitazame. Nilikwambia unitazame. Nilikuwa nimejipanga wiki nzima, nikivua kofia utaona, utauliza, Mjomba hiki ni nini, na mimi nitasema sijui, twende." Akatabasamu upande mmoja. "Ukaona damu, ukaomba radhi kabla hujaona kingine chochote."

"Ungesema."

"Ningesema. Mdomo niliufungua. Lakini ulishanipa pa kujificha, nikajificha. Nikasema moyoni, labda kweli kanikata, labda ni hilo tu. Mtu anaogopa, wewe. Hata mimi."

"Mama aliniuliza kama mkono wangu umekuwa mzito."

"Najua."

"Mwaka mzima, Mjomba."

"Najua. Nilikufundisha kuomba radhi. Kutazama nilidhani utajua mwenyewe."

Nilikasirika. Siwezi kulipaka sukari. Nilimkasirikia mtu anayekufa, aliyenilea, aliyenipa kazi na chumba na kanuni, nikamkasirikia kwa kila marhamu niliyonunua na kila usiku niliouchunguza mkono wangu juu ya meza. Nilikasirika pia kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Niliendelea kunyoa, maana sikujua la kufanya na mikono, nikashuka kisogoni, na macho yangu hayakuwa kazini.

Mashine ikachimba. Safari hii niliihisi kabisa, meno yameshika ngozi ya shingo upande wa kulia, ule mzima. Tone likatoka, likashuka, likaingia kwenye kitambaa cheupe.

Nikazima mashine. Sote wawili tulitazama lile doa kwenye kioo.

"Hiyo sasa ni yako," Mjomba akasema.

Yale maneno niliyoyasema maelfu ya mara kwa watu nisiowajua hata majina yalikuwa kooni, tayari, na sikuyatoa. Niliyazuia kwa makusudi. Nilichukua pamba, nikapaka spiriti, nikamalizia kisogo. Nilipojitenga kando ili aone kwenye vile vioo viwili, alikitazama kisogo chake kwa muda.

"Pazuri," akasema.

Nilimrudisha nyumbani nimemshika mkono, na njia nzima sikufungua mdomo. Nilijiambia nitaomba radhi kesho, hasira ikipoa. Kesho nilikwenda, nikamtazama shingoni, kigaga kidogo kikavu. Keshokutwa vile vile. Kila nilipokwenda alikuwa amelala au amepewa dawa ya maumivu, au Mama yupo, au mimi mwenyewe nilipata sababu. Siku ya nne asubuhi alikuwa macho.

"Kimepona?" akaniuliza.

Nikainama nikatazama. "Kimepona."

"Unaona," akasema, akafumba macho.

Alifariki siku ya kumi na moja. Tulipokuwa tunamwosha niliomba niachiwe kichwa, wakaniachia. Nilipitisha kidole shingoni upande wa kulia, mara mbili, nikipatafuta pale nilipomkata, na ngozi ilikuwa laini, hapakuwa na alama yoyote. Hapo ndipo nilipoomba radhi, kwa sauti, mbele za watu. Nikasubiri, kwa mazoea, aniambie haya, paka spiriti, uendelee.